Toba ipitie kwa uliyemkosea

Mkristo aliyemsaliti mwenzake mara nyingi hukimbilia madhabahuni kwanza. Atafunga, atalia, atakesha katika maombi, kisha atashuhudia kwamba Mungu amemsamehe. Wakati huo aliyesalitiwa hajaambiwa neno, mali yake haijarudi, na jina lake lililopakwa matope bado linasemwa vibaya. Katika ushauri wa kichungaji hali hii ni ngumu kuliko nyingi, kwa sababu mhusika haigizi. Amelia kwelikweli, ila hajafika kwa mwenye kidonda.

Yesu alipanga mambo kinyume cha hapo. Katika Mathayo 5:23-24 mtu amekwisha kufika madhabahuni, sadaka iko mkononi, ndipo anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Anaambiwa aiache sadaka palepale, aende akapatane, kisha arudi aitoe. Torati nayo ilikuwa imeweka utaratibu huo, tena kwa hesabu. Walawi 6 inamtaja mtu aliyekana amana aliyowekewa, aliyenyang'anya, au aliyeokota kitu akaapa kwamba hakukiona. Huyo alitakiwa kurudisha kitu chenyewe, kuongeza sehemu ya tano, na kumkabidhi mwenyewe. Aliyechukua mia anarudisha mia na ishirini. Kondoo dume wa sadaka ya hatia anatajwa baada ya hapo. Hesabu 5 inakwenda hatua moja zaidi: ikiwa aliyedhulumiwa hana jamaa wa kupokea malipo, malipo yanakwenda kwa Bwana kupitia kuhani. Kukosekana kwa mpokeaji hakukufuta deni. Zakayo mtoza ushuru, katika Luka 19:8, aliahidi kurudisha mara nne, kiwango ambacho Kutoka 22:1 iliweka kwa mwizi aliyemchinja au kumuuza kondoo wa mtu.

Ile sehemu ya tano ina uzito wake. Aliyeibiwa hakupoteza kitu pekee. Alipoteza pia muda, usingizi na pengine heshima mbele ya watu waliomdhania mzembe. Kurudisha mia kamili ni kama kusema hakuna kilichotokea katikati.

Kukiri nako kuna namna kunavyoharibika, na Biblia imeziweka wazi. Mfalme Sauli, aliyeamriwa kuwaangamiza Waamaleki pamoja na mifugo yao, katika 1 Samweli 15 anaanza kwa kudai ametimiza amri yote. Samweli anapomuuliza mbona kondoo wanalia, anasema watu ndio waliowaacha hai, tena kwa ajili ya dhabihu. Akibanwa, anakubali kwamba amekosa, ila aliwaogopa watu. Mwishoni anakiri tena, lakini anaomba aheshimiwe mbele ya wazee. Haruni naye, alipoulizwa habari za ndama wa dhahabu, alieleza kwamba aliitupa dhahabu motoni na ndama akatoka (Kutoka 32:24), ilhali mistari ya mwanzo ya sura hiyohiyo inasema alimtengeneza kwa patasi. Siku hizi kauli za namna hiyo tunazisikia kila mara: "Shetani alinipitia", "ilitokea tu", "kama nimekukwaza, samahani."

Upo pia mstari unaotumiwa vibaya. Katika Zaburi 51:4 Daudi anamwambia Mungu, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako," na wapo wanaoufanya ngao ya kutokwenda kwa mtu waliyemuumiza. Uria, ambaye Daudi alizini na mkewe, alikuwa amekwisha kuuawa, na barua iliyompeleka mstari wa mbele ilikuwa ya Daudi mwenyewe. Hapakuwa na Uria wa kumwendea. Hata hivyo nabii Nathani, katika 2 Samweli 12:9, alimtaja Uria kwa jina mbele ya mfalme. Mkosaji ambaye mtu aliyemuumiza yu hai hana nafasi ya kujificha nyuma ya zaburi hiyo.

Anayejiandaa kukiri tunamshauri aandike kwanza kwenye karatasi. Akimaliza, afute kila "lakini", kila "kama", kila "hata wewe", na kila sentensi ambayo mtendaji wake ni mtu mwingine au shetani. Yabaki mambo manne: nilichofanya, nilichoficha, hasara niliyokusababishia, na ninachokwenda kufanya. Kwa mfano: "Fedha za kikundi nilizitumia mimi kwa mambo yangu. Kikao kilipouliza, nilisema nilikukabidhi wewe. Ulivuliwa uweka hazina kwa sababu ya uongo wangu. Kikao kijacho nitasema haya mbele ya wote, na fedha nitazirudisha kwa awamu tatu. Hii hapa ratiba niliyoisaini." Maneno hayo ni mazito kuyatamka, na ndiyo maana karatasi inasaidia, kwa kuwa ulimi ukitetemeka hutafuta njia ya mkato. Baada ya kuyasema, nyamaza. Usidai jibu siku hiyo, wala usilie hadi uliyemuumiza akageuka kuwa mfariji wako.

Ukubwa wa maungamo ulingane na ukubwa wa kosa. Lililofanyika kati ya watu wawili limalizwe na hao wawili. Uzushi uliosemwa mbele ya watu kumi usahihishwe mbele ya hao kumi, siyo kwa kumnong'oneza aliyezushiwa peke yake.

Usaliti wa ndoa unahitaji uangalifu wa pekee. Kosa tunalokutana nalo zaidi ni kukiri kwa vipande: leo ilikuwa mara moja, wiki ijayo mwezi mmoja, baadaye inagundulika ilikuwa miaka. Kila kipande kipya ni usaliti mpya, na mwenzi huacha kuamini hata yale ya kweli. Sema yote mara moja: ni nani, kwa muda gani, kama umekwisha kukata uhusiano huo, na kama kuna mtoto au deni. Mwende wote mkapime magonjwa ya zinaa, na hadi majibu yatoke msikutane kimwili bila kinga. Yaliyotendeka kitandani usiyasimulie; picha hizo hubaki kichwani mwa mwenzi wako muda mrefu na hazimsaidii kuamua chochote.

Kuna mahali ambapo kwenda mwenyewe ni kosa. Aliyempiga mtu, kumbaka au kumdhulumu kingono asimfuate kumwomba msamaha, hata kwa barua au simu, kwa sababu kujitokeza kwake kunaweza kuwa kitisho kingine. Apitie kwa mchungaji au mshauri, na aliyeumizwa ndiye aamue kama anataka kusikia lolote. Na jambo likiwa jinai, hasa likimhusu mtoto, linakwenda kwa mamlaka za serikali. Kikao cha wazee wa kanisa hakichukui nafasi ya polisi wala mahakama, na kumbembeleza mama wa mtoto "asamehe yaishe" ni kumdhulumu mara ya pili. Aliyetubu kweli hukubali hukumu.

Msamaha unaweza kutolewa kwa siku moja, lakini kuaminiwa hurudi kwa mwenendo. Mhazini aliyeiba na kusamehewa anakaribishwa ibadani. Funguo za sanduku anakabidhiwa mwingine.

Yuda na Petro walimwangusha Bwana wao usiku mmoja. Mathayo 27:3-5 inaonyesha Yuda akirudisha vipande thelathini vya fedha na kukiri kwa kinywa chake kwamba ameisaliti damu isiyo na hatia. Makuhani walimjibu kwamba hayo ni juu yake. Akatoka peke yake, akaenda kujinyonga. Petro alilia kwa uchungu, lakini baadaye tunamkuta bado yumo kati ya wenzake, na katika Yohana 21 anaulizwa mara tatu mbele ya moto wa makaa, kama alivyokana mara tatu akiota moto wa makaa. Yesu hakumwambia kwamba halikuwa kitu. Alimuuliza hadi akahuzunika, na kila mara akampa kazi.

Wanaopokea maungamo wayasome hayo kwa makini. Mtu akikiri jambo zito, muulize waziwazi kama amefikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo. Akisema ndiyo, asilale peke yake usiku huo, ondoeni karibu naye chochote anachoweza kujidhuru nacho, na mmfikishe kwa mhudumu wa afya mapema iwezekanavyo.

Wapo pia waliokwisha kukiri, wakalipa, wakasamehewa, na bado wanarudi kila wiki kuungama kosa lilelile. Kuwasikiliza upya kila mara huwapa nafuu ya saa chache, kisha wasiwasi hurudi na nguvu zaidi. Mchungaji akubaliane nao kwamba jambo hilo halitaungamwa tena, awasomee 1 Yohana 1:9 mara moja, na mazungumzo yahamie kwenye wajibu wa siku hiyo. Ikiwa wamekosa usingizi, chakula hakipiti au kazi imewashinda, wapelekwe pia kwa mtaalamu wa afya ya akili, huku maombi yakiendelea.