Kurudia chakula kigumu baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: kutapika si kawaida

Upasuaji unaozungumziwa ni upi?

Ni wa aina mbili. Katika wa kwanza, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, robo tatu au zaidi, hukatwa na kutolewa, ukabaki mfuko mwembamba wenye umbo la ndizi. Katika wa pili hutengenezwa kijifuko cha mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya chakula, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo. Puto linalowekwa tumboni bila kukata lina masharti yake, kwa hiyo msiazimane karatasi za vyakula.

Naruhusiwa lini kula vigumu?

Kwa wengi ni kati ya wiki ya 6 na ya 8. Kabla ya hapo kuna majimaji kwa wiki 2 hivi, halafu vilivyosagwa kwa wiki 2, halafu vyakula laini. Daktari wako akikupa ratiba nyingine, fuata ya kwake. Siku zinahesabiwa tangu ulipopasuliwa, si tangu ulipoanza kujisikia vizuri. Vidonda vya nje hukauka mapema. Ndani, ile sehemu iliyobanwa kwa pini bado ina uvimbe. Pilau ya harusini wiki ya 3, hata ikiwa "kidogo tu", ni mapema mno.

Naanzaje?

Anza na samaki wa kuchemsha au yai laini. Ukikibonyeza chakula kwa mgongo wa kijiko kikapondeka, kinafaa, kikigoma, bado. Pakua vijiko vinne vya chakula kwenye sahani ya mtoto, ule kwa kijiko cha chai. Tonge liwe na ukubwa wa punje ya harage, litafune mara 20 hadi 30 mpaka liwe uji mdomoni, umeze, weka kijiko chini, subiri kidogo kabla ya jingine. Mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Chakula kipya kiwe kimoja kwa siku, ili kikikusumbua ujue ni kipi.

Protini ndiyo inayotangulia: samaki, yai, kuku aliyesagwa, maharage yaliyopondwa, mtindi usio na sukari. Lengo la kawaida ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na yai moja lina gramu 6 tu. Ukianza na viazi, nafasi imekwisha.

Maji usinywe pamoja na chakula. Subiri nusu saa baada ya kula, kisha nywa kwa funda dogo dogo hadi ufikishe angalau lita moja na nusu kwa siku. Kushushia tonge kwa maji, kama tulivyozoea, kunajaza kijifuko na kukurudisha kwenye beseni.

Ugali je? Nisipokula ugali naona sijala.

Hiyo shibe ya ugali ndiyo tatizo lenyewe. Ugali, chapati na mkate mweupe vikilowa vinajikusanya kuwa donge moja linalonata, na donge hilo linakwama kwenye njia nyembamba. Nyama ya mbuzi ina nyuzi zisizokatika kwa kutafuna haraka. Hivyo viwe vya mwisho kabisa kujaribiwa, miezi kadhaa mbele.

Nitajuaje kwamba nimefika mwisho?

Utasikia mkandamizo kwenye chembe ya moyo, kwikwi, mate kujaa mdomoni, au makamasi membamba kuanza kutiririka ghafla. Ikitokea moja kati ya hizo, acha. Tonge lililoko kwenye kijiko lirudi sahanini. Kumaliza sahani ili mama asikasirike kumewatapisha wengi.

Natapika kila nikila. Si ndiyo mwili unazoea?

Hapana. Ukitapika mara moja baada ya kula haraka, umepewa onyo. Ukitapika kila siku, una ugonjwa unaotafutiwa sababu.

Lakini kilo zinashuka, na watu wananisifia nimependeza.

Hapana tena. Hizo ni kilo za maji na misuli. Tazama mpangilio wake: leo kuku hapiti, wiki ijayo uji haupiti, kisha maji yenyewe yanarudi. Hapo njia inafunga. Kule kwenye kiungo cha utumbo, kovu hupenda kuibana njia ndani ya miezi 3 ya kwanza, ndiyo maana tatizo linajitokeza mtu anapoanza vigumu. Akiwahi, inapanuliwa kwa mpira wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Anayemeza dawa za kuzuia kichefuchefu za dukani kwa wiki 3 anajichelewesha bure.

Kuchelewa kuna madhara gani?

Ubongo unaharibika. Akiba ya vitamini B1 mwilini hudumu wiki 2 hadi 3 tu, na anayetapika haongezi kitu. Ikiisha, mtu anaona vitu viwili viwili, macho yanacheza, anatembea akiyumba, anachanganyikiwa. Nyumbani wanasema malaria imepanda kichwani. Kumbe ni kutapika kule kule kulikoitwa kawaida. Wengine hubaki na kumbukumbu mbovu maisha yao yote, kwa kitu ambacho sindano za vitamini zingekizuia.

Niende hospitali lini, basi?

Maji yakigoma kukaa tumboni kwa saa 24, nenda. Ukitapika siku 2 au 3 mfululizo, nenda, hata kama maji kidogo yanapita. Mkojo ukiwa mchache na wa rangi ya chai ya rangi, nenda. Homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, kupumua kwa shida, au moyo kupiga zaidi ya mara 120 kwa dakika ukiwa umetulia: nenda usiku huo huo, huenda mshono unavuja.

Ukifika, sema mapema: "Nilipasuliwa kupunguza uzito tarehe fulani, natapika siku kadhaa, naomba vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi." Mwili hutumia B1 kuunguza sukari, kwa hiyo glukosi ikitangulia inaweza kumaliza hata ile iliyobaki. Waliopasuliwa India au Uturuki wawe na karatasi inayotaja aina ya upasuaji, kwa sababu daktari wa zamu hataijua kwa kutazama makovu.

Kutapika kukishatibiwa, narudi pale nilipoishia?

Unarudi nyuma: majimaji kwanza, halafu vilivyosagwa kwa siku chache, halafu laini. Chakula kilichokutapisha kipumzishe wiki 2 au zaidi kabla ya kukijaribu tena, nusu ya kiasi kile.