Mbuzi mwenye minyoo si lazima aharishe

Hapa Mombasa, kuanzia Kisauni mpaka Likoni, wafugaji wengi huamini mbuzi akiwa na minyoo lazima aharishe, mavi yakiwa makavu basi yuko poa. Si kweli, na imani hii inaua mbuzi wengi kimyakimya.

Mnyoo hatari zaidi huku kwetu kwenye joto na unyevu ni Haemonchus contortus, anakaa tumbo la nne akinyonya damu, jike anataga maelfu ya mayai kwa siku, na mbuzi anaweza kufa bila kuharisha hata kidogo. Sasa angalia hivi, vuta kope ya chini taratibu, juani: ndani ikiwa nyekundu sawa, ikiwa nyeupe damu imekwisha, na ukiona uvimbe laini chini ya taya hiyo imefika mbali, muite daktari wa mifugo.

Alafu kuna stresi. Mbuzi aliyesafirishwa kwenye lori amebanwa, au aliyezaa juzi tu, kinga yake hushuka na minyoo hupata nafasi, kwa hivyo hao ndio wa kukaguliwa mwanzo.