G6PD: jeni iliyo karibu na ncha ya kromosomu X

Mwanangu amepimwa akaambiwa ana upungufu wa G6PD. Ni nini hicho?

G6PD ni kimeng'enya, yaani protini inayoendesha kazi za kikemia mwilini; hiki hulinda chembe nyekundu za damu dhidi ya sumu za oksijeni. Seli nyingine zina njia nyingine za kujikinga. Chembe nyekundu hutegemea hii tu. Kikipungua, chembe hupasuka mtoto akipata maambukizi, akila maharage ya fava, au akipewa dawa kama dapsoni. Hata nafthalini, vile vidonge vyeupe tunavyoweka kwenye nguo, si ya kuchezea.

Jeni yake inakaa wapi?

Kwenye kromosomu X, karibu na ncha ya mkono mrefu, sehemu iitwayo Xq28. Jirani zake ni jeni za kutambua rangi nyekundu na kijani, na ile inayohusika na hemofilia A, ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Ujirani huu ulianza kuonekana miaka ya 1960, jeni yenyewe haijasomwa bado: watafiti waliona upungufu wa G6PD na upofu wa rangi vikirithiwa pamoja katika koo zilezile. Napenda kisa hiki, maana ramani ilianza kuchorwa kwa kufuatilia familia tu.

Muundo wake ulichapishwa 1986. Ina herufi za DNA zipatazo 18,000, na maelekezo yake yamegawanyika vipande 13, yaani eksoni. Protini inayotokana nayo ina amino asidi 515, kila moja ikiandikwa kwa herufi tatu, kwa hiyo herufi zinazoiandika hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya jeni nzima.

Mbona wavulana ndio huathirika zaidi?

Mvulana ana X moja tu, aliyopewa na mama. Msichana ana mbili, lakini kila seli huzima moja, hivyo damu yake huwa mchanganyiko na kipimo kinaweza kumkosa.

Kwa nini upo sana kwetu Afrika?

Malaria. Aina ya upungufu iitwayo A- ina mabadiliko mawili, herufi ya 202 na ya 376, na huwapunguzia wenye nayo hatari ya malaria kali. Balaa ni kwamba primakwini, dawa ya malaria hiyohiyo, inaweza kuwapasulia damu ikitumiwa siku nyingi. Dozi moja ndogo, miligramu 0.25 kwa kilo, Shirika la Afya Duniani linairuhusu bila kupima.

Nikimbilie hospitali lini?

Macho yakiwa manjano, mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au mtoto mchanga akigeuka manjano. Kipimo cha G6PD kikifanywa wakati huohuo kinaweza kutoka salama kumbe sivyo, kwani chembe changa zilizobaki zina kimeng'enya kingi. Omba kirudiwe baada ya miezi mitatu hivi.