Johnson hakushindwa New Hampshire

Pale Jaws Corner, Mji Mkongwe Zanzibar, jioni wazee wakinywa kahawa hadithi ya Vietnam haikosi, na kila ikija inakuja vilevile, ati Rais Johnson wa Marekani mwaka 1968 alipigwa na Eugene McCarthy, seneta alopinga vita vile, kwenye kura za mchujo za chama chao cha Democratic kule jimbo la New Hampshire, ndo akasusa. Jamani sivyo. Johnson alishinda, kama asilimia 49 kwa 42, na jina lake hata kwenye karatasi ya kura halikuwepo, watu walishika kalamu wakaliandika wenyewe kwa mkono.

Kilomuumiza ni kule kukaribiwa vile, rais alo madarakani, ndani ya chama chake mwenyewe, na vita vishawachosha watu. Siku nne baadae Seneta Robert Kennedy naye akaingia kugombea ndani ya chama hichohicho, na tarehe 31 Machi Johnson akatangaza hagombei tena. Halafu si wote walompa McCarthy kura walitaka amani, wengine walikasirika vita havipigwi kwa nguvu, na hili mie naliona kubwa kwa sababu tukilisahau tunawasoma vibaya wapiga kura wale. Mwezi wa nane Chicago chama kikampitisha Humphrey, makamo wa Johnson, Novemba Nixon wa chama pinzani cha Republican akachukua nchi.