Pikipiki Ikiitwa na Mtengenezaji: Isome Namba ya Fremu Kwanza

Tangazo likitoka kwamba aina fulani ya pikipiki inaitwa gereji kwa sababu ya kasoro ya usalama, steji nyingi za Nairobi hulijibu kwa macho. Tangi ni lile lile, stika ni zile zile, basi na yangu imo. Au kinyume chake: yangu nimeikimbiza Thika Road miaka miwili na haijawahi kunisumbua, basi haimo. Majibu yote mawili ni ya kubahatisha. Kasoro za namna hii hazifuati sura ya pikipiki. Hufuata kundi la vipuri vilivyofungwa kiwandani katika miezi fulani, na pikipiki mbili zilizonunuliwa duka moja siku moja zinaweza kutofautiana, moja ikawa ndani ya wito wa usalama (wengi huuita rikoli) na nyingine ikawa nje.

Mfano mzuri ni wa Royal Enfield. Mwezi Mei 2021 kampuni hiyo iliita pikipiki 236,966 za Meteor 350, Classic 350 na Bullet 350 zilizouzwa India na katika nchi nyingine sita za Asia na Oceania. Tatizo lilikuwa koili ya kuwashia moto: injini ingeweza kukosa moto, kupungua nguvu, na kwa nadra kuleta shoti ya umeme. Koili zenyewe zilitoka kwa msambazaji wa nje, na hitilafu ilikuwa kwenye shehena za kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 peke yake. Kampuni ilikadiria kwamba ambazo zingehitaji koili mpya hazingefika asilimia 10. Nyingine ziliitwa ili zikaguliwe tu, kwa sababu hakuna njia ya kujua iliyo mbovu bila kuifungua.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuisoma namba ya fremu, ambayo wengi huiita namba ya chasisi. Kwenye pikipiki nyingi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapoingia, mara nyingi upande wa kulia. Geuza usukani kushoto hadi mwisho ndipo utaiona. Ikiwa imefunikwa na matope na grisi, ifute kwa kitambaa kilicholowa mafuta ya taa. Usiisugue kwa msasa wala brashi ya waya, kwani namba iliyochubuka inafanana na namba iliyochezewa, na hayo ni maswali utakayoyajibu kituo cha polisi.

Namba hiyo ina herufi na tarakimu 17. Herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, hivyo ukidhani umeona O, hiyo ni sifuri, na ukidhani umeona I, hiyo ni moja. Herufi tatu za mwanzo zinamtaja mtengenezaji: MD2 ni Bajaj ya India, MD6 ni TVS, ME4 ni Honda ya India. Zinazoanza na L zimetoka China. Tarakimu za mwishoni ndizo namba ya mfululizo, na hizo ndizo tangazo linazozitaja linaposema “kuanzia namba hii hadi namba hii”. Iandike kwenye karatasi, ipige picha, kisha ilinganishe na ile iliyo kwenye logibuku, yaani hati ya usajili. Zikitofautiana hata kwa herufi moja, tatua hilo kwanza, maana karakana rasmi haitaifungulia kazi pikipiki ambayo namba zake hazilingani.

Andika pia namba ya injini, iliyogongwa kwenye kasha la injini kwa chini. Tangazo linalohusu kasoro ya ndani ya injini linaweza kutumia namba hiyo badala ya ile ya fremu. Hapa mjini injini zimebadilishwa sana. Fremu yako inaweza kuwa nje ya wito huku injini uliyofungiwa mwaka jana imo ndani.

Sasa, kwa nini ulitafute tangazo badala ya kungoja upigiwe simu? Kwa sababu simu itapigwa kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye kumbukumbu za muuzaji, na mara nyingi mtu huyo si wewe. Pikipiki iliyonunuliwa kwa mkopo inaweza kuwa imeandikwa kwa jina la kampuni ya mkopo. Iliyouzwa mkono wa pili kwa makubaliano ya mdomo, bila usajili kuhamishwa, bado ni ya yule wa kwanza, na pengine hata namba yake ya simu alishaibadilisha. Uhamisho wa umiliki siku hizi hufanywa kwenye akaunti ya NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, muuzaji na mnunuzi kila mmoja akithibitisha upande wake. Ukishakamilika, nenda hatua moja zaidi: mpigie muuzaji rasmi wa aina yako, mpe namba ya fremu, jina na simu yako, na umwombe aweke kwenye kumbukumbu zake. Ni mazungumzo ya dakika tano ambayo karibu hakuna anayeyafanya. Kama bado unalipa mkopo, iandikie kampuni ya mkopo ujumbe kuuliza kama imepokea taarifa yoyote kuhusu namba hiyo.

Tangazo la kweli lina mambo ambayo la uongo halina: aina na mwaka, mfululizo wa namba, sehemu yenye kasoro, hatari inayoweza kutokea, kitakachofanywa, na mahali pa kwenda. Halikuombi pesa. Ujumbe wa WhatsApp unaokutaka utume “ada ya ukaguzi” kwa namba ya mtu binafsi ni wizi. Thibitisha kwa muuzaji rasmi, kwa simu iliyo kwenye risiti yako ya ununuzi, si ile iliyo kwenye ujumbe.

Ndani ya tangazo, tafuta sentensi moja kabla ya nyingine zote: je, wanasema usiiendeshe, au wanasema uilete ukipata nafasi? Tofauti ni kubwa. Kasoro ya stika ya onyo au ya taa ya kiashiria inaweza kungoja. Ya breki, usukani, ekseli, mfumo wa mafuta au rimu haingoji, na ukiambiwa usiendeshe, muulize muuzaji nani atailipia pikapu ya kuibeba. Uliza kabla ya kukodi, na upate jibu la maandishi, hata kama ni ujumbe mfupi wa simu.

Breki zinadanganya, na hapa inafaa kukaa kidogo. Mwaka 2011 Honda iliita takriban pikipiki 126,000 za Gold Wing nchini Marekani kwa sababu breki ya nyuma iliweza kubaki imeshika baada ya mwendeshaji kuiachilia. Breki inayoshika hivyo haikatai kusimama. Inasimama vizuri, na ndiyo sababu mtu haishuku. Inachofanya ni kupata moto hadi mafuta ya breki yachemke au kitu kilicho karibu kiwake. Dalili zake ni hizi: pikipiki inakuwa nzito bila sababu, mafuta yanaisha haraka, ukiinua gurudumu halizunguki kwa wepesi, na baada ya safari fupi ya barabara tambarare diski au kitovu cha gurudumu kina joto lisilo la kawaida. Sogeza kiganja karibu, usiguse. Ukiona hivyo kwenye pikipiki iliyoitwa, iache hapo ulipo.

Kwa kasoro ya mafuta kuvuja, funga koki ya tangi kila unapoegesha na usiilaze pikipiki ndani ya chumba chenye jiko, hata kama nje kuna wezi. Kwa kasoro ya nyaya, chomoa waya wa hasi wa betri unapoegesha usiku. Hizi ni hatua za kungoja miadi, hazitibu kitu.

Halafu kuna fundi wa steji, ambaye kwa uaminifu wake wote anaweza kukuharibia. Akibadilisha paipu ya mafuta au koili kwa spea ya Kirinyaga Road, dalili itaondoka na pamoja nayo ushahidi. Mtengenezaji atakuambia kipuri kilichopo si chake. Ikiwa ilikuwa lazima utengeneze kwa sababu ya usalama, weka kipuri cha zamani kwenye mfuko kikiwa na alama zake, na risiti yenye tarehe na namba ya usajili. Kwa hivyo viwili unaweza kudai kurudishiwa pesa. Bila hivyo ni neno lako dhidi ya lao.

Kuna mchanganyiko unaowagharimu wengi: wito wa usalama si waranti. Waranti huisha kwa miezi au kilomita, na hudai sevisi zote ziwe zimefanywa mahali fulani. Wito unatokana na kasoro aliyoikubali mtengenezaji mwenyewe, na umri wa waranti hauifuti kasoro hiyo. Marekani, kwa mfano, sheria inamtaka mtengenezaji arekebishe bure chombo ambacho hakijazidi miaka 15. Mpokezi akikuambia “waranti yako imeisha”, mwonyeshe tangazo na umuulize ni mstari gani unaosema hivyo.

Piga simu kabla ya kwenda na uulize maswali mawili: kipuri kimefika, na kazi inachukua saa ngapi? Kupeleka pikipiki Industrial Area alfajiri ili kuambiwa vipuri viko melini ni siku ya kazi iliyopotea. Mwendesha boda mwenye malipo ya mkopo ya kila siku aombe saa maalum, si “njoo wiki hii”. Beba nakala ya logibuku, kitambulisho, na kama pikipiki ni ya mkopo, barua au ujumbe wa ruhusa kutoka kwa mkopeshaji.

Kabla ya kukabidhi, piga picha ya kilomita, kiwango cha mafuta na pande zote nne. Hakikisha karatasi ya kazi imeandikwa kwamba ni wito wa usalama, pamoja na namba ya kampeni, yaani namba ambayo mtengenezaji ameupa wito huo, ikiwa tangazo limeitaja. Ikiandikwa “sevisi” tu, kesho hakuna atakayejua ulifanyiwa nini. Usisaini karatasi inayosema umeridhika kabla hujaiona pikipiki.

Ugomvi mkubwa gereji ni wa nyaya. Boda nyingi zimefungwa kifaa cha kufuatilia cha mkopeshaji, alamu, taa za ziada na redio, na kila fundi amekata waya mahali pake. Mhandisi atasema kasoro imeletwa na mikato hiyo. Inawezekana ni kweli. Lakini mwambie aandike kwenye karatasi ni waya gani, umekatwa wapi, na umesababisha vipi hitilafu iliyo kwenye tangazo. Redio iliyofungwa kwenye waya wa taa ya mbele haiathiri mpira wa breki ya nyuma. Kama kifaa kilifungwa na mkopeshaji, hilo nalo liandikwe, kwa kuwa si wewe uliyekata.

Wakati wa kuchukua, jaribu kabla ya kutoka langoni. Kazi ya breki za mafuta: shika lever kwa nguvu sekunde 30. Ikizama polepole kuna hewa au mvujo. Angalia kama mafuta yaliyojazwa ni ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4. Zungusha magurudumu yote mawili kwa mkono. Kazi ya umeme: injini ikizunguka kwa kasi ya wastani, mita kwenye betri isome kati ya volti 13.5 na 14.8. Ikizidi hapo betri itachemka, ikipungua sana haichaji. Kazi ya ekseli: nati iwe imewekewa alama ya rangi na pini yake ipo. Uliza pia kipuri cha zamani kimekwenda wapi. Mtengenezaji ana haki ya kukichukua akachunguze, lakini kilichotupwa pipani nyuma ya gereji kitasafishwa na kurudi sokoni kikiitwa “jenuini, kimetolewa kwenye pikipiki mpya”.

Kwa pikipiki za umeme za kubadilishana betri, hesabu ni tofauti. Fremu ni yako, betri ni ya kampuni, na wito wa betri humfuata mwenye betri. Kazi yako ni kuripoti betri iliyovimba, yenye harufu au iliyo moto kabla hujaichomeka, pamoja na namba iliyobandikwa juu yake.

Muuzaji akikataa, au akikuzungusha wiki baada ya wiki, mwandikie barua moja fupi yenye namba ya fremu, tarehe ulizokwenda na unachotaka, kisha pokea sahihi ya kupokelewa kwenye nakala yako. Malalamiko ya wateja kuhusu bidhaa zisizo salama hupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, CAK. Suala la ubora wa kipuri chenyewe ni la KEBS, shirika la viwango la Kenya, na simu yao ya bure ni 1545. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya kufidiwa hasara au jeraha linalotokana na kasoro ya bidhaa, na Sheria ya Kumlinda Mteja ya mwaka 2012 imejengwa juu ya hapo. Dai lisilozidi shilingi milioni moja unaweza kulipeleka Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, bila wakili, na sheria inataka uamuzi utoke ndani ya siku 60. Kwa siku ulizokosa kazi, hesabu ya mdomo haitoshi. Chapisha taarifa ya M-Pesa ya miezi mitatu kabla ya pikipiki kusimama, ionyeshe kilichokuwa kikiingia kila siku, na uiambatanishe na karatasi ya kazi yenye tarehe ya kuingia na ya kutoka gereji.