0-0 ya Kamalondo haikuwa msiba: hesabu ya goli la ugenini

Tarehe 20 Aprili 2024 nilikuwa uwanjani kwa TP Mazembe, klabu yetu ya Lubumbashi, Kongo, pale mtaa wa Kamalondo, nimekaa upande wa kona na daftari langu la mraba kwenye magoti, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Al Ahly wa Misri wamekuja Lubumbashi. Mechi ikaisha 0-0. Watu walitoka kama wanatoka kwenye matanga. Nyuma yangu mzee mmoja analalamika mpaka mlangoni, "tunarudia mikono mitupu, ata goli moya!", na mtoto wangu amenishika mkono ananiuliza, "Papa, tulishakufwa?" Nikamwambia hapana mutoto wangu, bado, tena hatuko pabaya hata kidogo. Hakuniamini. Usiku ule nikakaa naye mezani, bukari (ugali) ikapoa, nikamchorea hesabu yote kwenye daftari, na ndiyo hesabu nataka kuwaandikia hapa, maana nafundisha vijana mpira pa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, na kila mwaka mashindano ya Afrika yakifika robo fainali naulizwa swali lile lile: 0-0 nyumbani, tumeshakufa?

Kwanza kanuni yenyewe, na hapa wengi wanachanganya kwa sababu wanaangalia mpira wa Ulaya usiku kucha. Ulaya goli la ugenini walilifuta mwaka 2021. Kwetu Afrika bado lipo. Mnacheza mechi mbili, ya kwenda na ya kurudi (ndugu zetu wa Tanzania wanasema mkondo wa kwanza na wa pili), mnajumlisha magoli, mkilingana anaangaliwa nani kafunga mengi akiwa kwa watu. Mkilingana hata hapo, hakuna dakika thelathini za kuongeza, mnaenda penalti moja kwa moja. Hiyo ni kwa robo na nusu fainali. Yanga na Sundowns wa Afrika Kusini mwaka 2024 robo fainali walitoka 0-0 Dar, 0-0 Pretoria, filimbi ikalia wakapanga mipira kwenye alama ya penalti, Sundowns wakapita 3-2. Kocha anayefundisha Afrika lazima akumbuke hilo anapofanya mabadiliko dakika ya 80, maana akitoa wapigaji wake wote wa penalti eti miguu imechoka, atawatafuta dakika kumi baadaye.

Sasa hesabu. Ukiwa nyumbani kwenye mechi ya kwenda, goli lako lina thamani yake ya kawaida, lakini goli unalofungwa ni zito kuliko unavyoona kwenye ubao. Chukua ushindi wa 1-0 na ushindi wa 3-2. Mashabiki watakwambia wa 3-2 ni mtamu zaidi, magoli matano, watu wameruka, wamekumbatiana. Lakini ukienda ugenini na ile 3-2 ukafungwa 1-0 tu, umetoka, jumla 3-3 na wao wana mawili waliyofunga kwako. Ukienda na ile 1-0 halafu ukafungwa 2-1, umepita! Umeshinda moja bila, umepoteza mbili kwa moja, na uko raundi inayofuata. Mimi nikiwachorea vijana wangu hii kwa chaki kuna kila mara mmoja anayesimama anasema kocha, umekosea. Sijakosea, hesabu upya.

Na 0-0 nyumbani je? Mgeni hana goli la ugenini mfukoni. Akirudi kwake, sare yoyote yenye magoli inakupitisha wewe. Yeye ndiye analazimika kushinda, au asubiri penalti. Kwa hiyo kwenda Cairo na 0-0, Mazembe walihitaji 1-1 tu. Siku ile ya tarehe 26 walifika mapumziko bado 0-0, Abdelmonem wa Ahly akaja kufunga kipindi cha pili, na hapo hapo bado, ikiwa 1-0, goli moja la Mazembe lingewapitisha. Moja! Kilichotuua ni kwamba baada ya goli lile timu ilikatika katikati, washambuliaji wako kule mbele peke yao, viungo wamebaki nyuma na mabeki, hakuna anayepokea mpira wa pili, ule unaorudi baada ya kuokolewa. Ahly wakaongeza mbili, 3-0, na watu wa kwetu wakasema mnaona, tulikufa Kamalondo. Hapana. Kamalondo walifanya kazi yao, tulianguka Cairo.

Nafikiri ile 5-0 ya 2010 ilituachia ugonjwa fulani. Fainali ya kwanza hapa Lubumbashi, Espérance wa Tunis wakala tano bila, mechi ya kurudi Radès ikawa ya 1-1 na kombe likarudi nyumbani, halafu Desemba tukaenda Abu Dhabi tukawatoa Pachuca 1-0 na Internacional wa Brazili 2-0, klabu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la klabu, kipa wetu Kidiaba anaruka-ruka kwa makalio, dunia nzima inaangalia. Nani atasahau? Lakini toka siku ile kila mgeni akija, uwanja unataka tano. Dakika ya 60 ikifika bado sufuri, miluzi inaanza, mabeki wa pembeni wanasikia, wanapanda wote wawili kwa pamoja, na nyuma yao inabaki njia kama barabara ya Likasi siku ya Jumapili. Timu za Afrika Kaskazini zinangoja hilo tu. Hazina haraka, zinakaa, kipa anafunga kamba za kiatu, halafu shambulio moja.

Mwaka uliotangulia, 2009, ndiyo mfano ninaoupenda zaidi ingawa hauna ngoma nyingi. Heartland walitufunga 2-1 kwao Nigeria. Watu waliona tumefungwa, mimi niliona lile moja. Kama ingekuwa 2-0 tungehitaji tatu bila kuruhusu hata moja ili tupite bila wasiwasi, lakini kwa 2-1 ilitosha 1-0 hapa. Na ikawa 1-0 kweli, tena kwa goli la kujifunga, jumla 2-2, kombe letu. 2015 vile vile, nusu fainali Al-Merrikh wa Sudan walitufunga 2-1 Omdurman, huku tukawapiga 3-0, Samatta wa Tanzania akiwa kwenye moto wake wa mwaka ule, halafu fainali USM Alger wa Algeria tukawashinda kwao 2-1 na hapa 2-0.

Halafu kuna hadithi ya wazee. 1967, wakati timu bado inaitwa Englebert, fainali na Asante Kotoko: kule Ghana 1-1, huku Kongo 2-2. Goli la ugenini halikuamua, ikapangwa mechi ya tatu, Kotoko hawakutokea, kombe likapewa Englebert. Sasa hesabu kwa kanuni ya leo: Kotoko walifunga mawili kwetu, sisi moja kwao. Wangechukua wao. Nilipomwonyesha mtoto hilo alikaa kimya muda mrefu, kombe letu la kwanza la Afrika! Ndiyo maana nasema kanuni ni mchezaji wa kumi na mbili, lazima uijue kama unavyomjua kipa wako.

Waliojifunza kwa machozi ni Sundowns. 2023 nusu fainali na Wydad wa Moroko, Casablanca 0-0, wanarudi Pretoria, wanaongoza mara mbili, mara mbili wanasawazishiwa, na goli la pili wakajifunga wenyewe. 2-2. Hawakupoteza mechi hata moja na wakatolewa. Watu wanasema bahati mbaya. Mimi sikubali kwamba ni bahati tu, maana goli la kujifunga dakika za mwisho lina sababu zake: timu inayohitaji moja inarusha krosi za chini kati ya kipa na mabeki, tena na tena, beki anakimbia akiangalia goli lake mwenyewe, amechoka, akigusa vibaya inaingia, asipogusa kuna mtu nyuma yake. Mimi vijana wangu nawafundisha krosi hiyo kila Jumatano, chini, kwa nguvu, pale kipa anaposita kutoka.

Miaka miwili baadaye, Aprili 2025, Sundowns na Ahly, nusu fainali. Pretoria 0-0. Angalieni vizuri: nyumbani 0-0, halafu Cairo, na Ahly wale wale. Ni kesi yetu ya 2024 kabisa. Siku ya mechi ya kurudi umeme ulikatika mtaani, tukaenda mimi na mtoto kwa jirani mwenye jenereta, tumejaa watu kama ishirini kwenye sebule ndogo. Ahly wakafunga mapema, Taher Mohamed, sebule yote ikasema imekwisha. Mtoto akanigeukia, hakusema neno, akanionyesha kidole kimoja. Goli moja. Na Sundowns hawakukatika katikati kama sisi, viungo wao walikaa karibu na washambuliaji mpaka mwisho, walipasiana bila papara, na dakika ya 90 mpira wa chini ukapita mbele ya goli, beki wa Ahly Yasser Ibrahim akaugusa, ndani. 1-1. Sundowns fainali. Wengi pale sebuleni walikuwa wanangoja penalti, mtoto ndiye aliyewaeleza, amesimama juu ya kiti.

Fainali yenyewe Sundowns waliongoza 1-0 Pretoria mpaka dakika za majeruhi, El Karti wa Pyramids, klabu ya Misri, akasawazisha, na Cairo Mkongo wetu Fiston Mayele, naye wa Pyramids, akafunga la kwanza, ikaisha 2-1, kombe la Pyramids. Lile goli la El Karti mimi nimeliangalia mara nyingi kuliko lile la Mayele. Dakika ya 94, uko nyumbani, unaongoza, nani anapaswa kuwa wapi? Wiki hii nitawapanga vijana uwanjani pa Katuba tuicheze dakika hiyo moja tu, mara kumi, mpaka kila mtu ajue mahali pake.