Shali ya mafuta: safari mbili ndani ya jiwe moja

Pasua bonge la shali ya mafuta (mwamba unaopashwa moto ili utoe mafuta) lililotolewa tanuruni mapema. Ganda la nje ni jeusi kama mkaa, lakini kiini bado ni cha kahawia, vilevile kilivyoingia. Tanuru lilikuwa kwenye nyuzi 500 za Selsiasi. Joto hilo halikuwahi kufika katikati.

Jina lisikupotoshe. Shali hii haina mafuta ya kuchuruzika, ina kerojeni, mabaki magumu ya mwani na viumbe wengine wa kale. Ikipashwa moto pasipo oksijeni, kati ya nyuzi 350 na 500 hivi, kerojeni huvunjika ikawa mvuke wa mafuta, gesi na masalia ya kaboni. Ndiyo pirolisisi.

Tatizo ni kwamba mwamba huu hupitisha joto polepole, na umbali ukiongezeka maradufu, muda huongezeka mara nne. Kipande cha unene wa sentimita 2 huiva hadi ndani kwa dakika chache. Cha sentimita 20 huchukua saa kadhaa. Kampuni ya mafuta ya Shell ilipojaribu kuupasha mwamba huo ukiwa chini ya ardhi huko Colorado, Marekani, hesabu ilikuwa ya miaka.

Halafu kuna safari ya mvuke kutoka nje. Mwamba mbichi karibu haupenyeki kabisa. Kerojeni inapovunjika huacha vinyweleo, na shinikizo la mvuke hufungua nyufa kati ya matabaka. Mvuke ukikawia humo, joto huuvunja tena: sehemu huwa gesi, sehemu huganda kuwa kaboni, na mafuta hupungua, ingawa yanayotoka huwa mepesi zaidi.

Wengi hudhani dawa ni kuongeza moto. Nasema hapana. Ukivuka nyuzi 600 na ushei, madini ya kaboneti (jamii ya chokaa) yaliyomo mwambani huanza kuvunjika, yakila joto na kutoa kaboni dioksidi, huku kiini kikiendelea kusubiri.

Bora kupunguza ukubwa wa mawe, japo unga mwingi huziba njia ya gesi. Estonia wanatumia njia zote mbili: tanuru la Kiviter hupitisha gesi ya moto kati ya mabonge, la Galoter huchanganya punje ndogo na majivu ya moto ya shali ileile, kila punje ikaguswa na joto pande zote.